Dobi, Dobi, Mashuka Mangapi?

4 Februari

Mdogo wangu Kinyozi,

Salamu zitakuja mwishoni. Nianze na jambo lililonifanya nizime mashine nne za kufulia kati ya sita saa za kazi, kitu ambacho sikukifanya hata siku ya kumwoza binti yangu.

Nimempata.

Magazeti ya zamani tunafungia mashati ya wateja. Nilikuwa nakunja moja, nikaona picha ya watoto wameshikana mikono, mmoja yuko katikati na kitambaa kichwani. Chini yake wameandika kwamba mwalimu mkuu mstaafu anatengeneza kitabu cha michezo ya watoto, naye atazunguka nacho shule thelathini akikisoma mwenyewe. Anaomba kila anayeujua mchezo wa “Dobi, dobi, mashuka mangapi?” amwandikie jinsi unavyochezwa kwao. Tena kwa mkono, maana watu wakituma kwa simu wanakata maneno. Mwisho akatia la kwake: “Asili ya mchezo huu ni ya kale na haijulikani.”

Haijulikani! Nilicheka mpaka mpiga pasi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Picha yake ndogo iko pembeni ya tangazo. Ni yeye, binti wa nyumba ya Geti Jeusi. Ameota mvi na kuvaa miwani, lakini ule mwanya wa meno ya mbele uko palepale.

Yalipotokea wewe ulikuwa na miaka mitano, kwa hiyo nakuandikia kama ninavyoandikisha nguo za hospitali, kimoja kimoja. Ijumaa Mama alikwenda Geti Jeusi kuchukua furushi. Mama mwenye nyumba akasema, “Saba.” Mama akajitwika, hakuhesabu. Kwa madobi wa wakati ule, kufungua furushi mlangoni na kuhesabu mbele ya mwenye nyumba kulikuwa sawa na kumwita mwongo. Alihesabia nyumbani, mimi nimeshika ncha ya pili. Sita. Akarudia. Sita. Akatazama alama za uzi alizokuwa ametia kwenye pembe kwa mkono wake: la baba, la mama, ya wavulana wawili, ya wageni wawili. Lililokosekana lilikuwa la binti. Mama akakaa kitako juu ya beseni lililopinduliwa, akasema, “Maskini, mtoto wa watu.” Halafu akanigeukia: “Ulichokiona hukukiona. Dobi hana mdomo.”

Tulijua, mimi na yeye. Kila wiki shuka la binti yule lilikuja limelowa mkojo, na yeye ana miaka kumi na moja. Mama alikuwa akilifua la kwanza, peke yake, akinigeuzia mgongo, ili hata mimi nisipate cha kucheka.

Jumanne alirudisha sita. Jumatano aliitwa mwizi. Alhamisi, mdogo wangu, saa kumi jioni, binti yule aliwapanga watoto kumi na wawili mbele ya geti, akaniweka mimi katikati. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona leo nimependwa. Akaanzisha:

Dobi, dobi, mashuka mangapi?
— Saba!
Hesabu tuone!
Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita…
La saba liko wapi?

Hapo kukawa na kimya cha pigo moja. Kisha makofi kumi na mawili mgongoni kwangu.

Kabla ya mwezi kwisha mitaa mitano ilikuwa inauimba. Mama akipita na furushi, watoto wanajipanga. Nyumba kumi na nne alizokuwa akizifulia zikawa tisa, zikawa mbili, zikawa hakuna. Mikono iliyokuwa inanukia sabuni ikaishia kuponda kokoto. Na siku tunamzika ulikuwepo, uliwasikia watoto wa mtaa wa nyuma. Ni miaka hamsini na moja sasa tangu Alhamisi ile, na Mama mpaka anakufa hakuwahi kumtaja mtoto yule hata mara moja.

Leo mtunzi anataka kuupeleka mchezo shuleni kama yatima asiye na baba wala mama. Nitamwandikia. Nitampa anachokitaka, na katikati yake nitampenyezea asichokitaka, ubeti mmoja tu. Atauchapa kwa mkono wake mwenyewe, nchi nzima iimbe mkojo wake, naye aonje kuimbwa kulivyo.

Wasalimie shemeji na watoto. Punguza chumvi.

Dada yako


9 Februari

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka sitini, nina dobi ya mashine sita karibu na stendi, watu wananiita Mama Mashine. Nimeona tangazo lako. Nina wafanyakazi kumi na mmoja waliotoka kila pembe, nikawauliza wakati wa chai. Kazi haikufanyika tena asubuhi hiyo. Walisukuma meza wakaanza kuonyeshana, watu wazima na ndevu zao.

Anayeanika anasema kwao dobi anayechapwa ndiye anayekimbiza, na atakayemshika anakuwa dobi. Wa mapokezi anasema kwao si dobi, ni “Mpishi, mpishi, vijiko vingapi,” lakini cha saba kinapotea vilevile. Mpiga pasi amekulia mlimani, huko ni kuku, na mwewe yuko nje ya duara. Wawili wanaruka kamba wakihesabu, kamba ikikatika kwenye sita umeiba. Kuna mmoja kwao wanaficha kokoto mikononi, dobi anapapasa mikono ya kila mtu, na hakuna aliyewahi kuliona kokoto, maana hawalifichi kabisa! Wanakunja ngumi tupu. Huo ndio ulionichekesha kuliko yote.

Pamoja na mbili za kawaida, jumla namna saba. Kwenye tano kati ya hizo, dobi akiulizwa la saba liko wapi, anajibu “Sijui!” Kwenye mbili hajibu kitu, wanakaa kimya pigo moja ndipo wanampiga. Nimehesabu mwenyewe kwa kugonga meza.

Na wewe, Mwalimu, uliujifunzia wapi?

Mama Mashine


22 Februari

Ndugu Mama Mashine,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma nimesimama. Nimepokea barua arobaini na tatu, nyingi zinasema “tuliucheza sana, ulikuwa mzuri” na basi. Wewe peke yako ndiye uliyehesabu mapigo. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa darasa ulisimamie.

Pamoja na zako sasa nina namna kumi na nne. Nimezipanga kwa umri kadiri ninavyoweza, na jambo moja linajitokeza: zenye kimya ndizo kongwe. “Sijui” imekuja baadaye. Kwa maoni yangu, mahali pale palikuwa na neno ambalo watu wamelisahau, na watoto wakabaki na nafasi yake bila kujua ilikuwa ya nini. Pengine lilikuwa jina la siku, maana mashuka saba ni kama siku saba za juma. Nitaandika hivyo kwenye utangulizi.

Umeniuliza niliujifunzia wapi. Niliukuta tu, kama watoto wote. Mchezo hauna mwenyewe.

Kama kuna wazee karibu nawe, waulize kama wanaujua ubeti wa pili. Namna zote nilizo nazo zinakatika kwenye swali. Na uandike vilevile watakavyosema, hata kama ni upuuzi. Mkusanyaji haruhusiwi kurekebisha anachosikia.

Wako katika kazi,
Mwalimu


1 Machi

Dada,

Barua yako nimeisomea kibandani mteja akiwa amepakwa povu. Nilisahau kumnyoa. Akaniuliza, “Fundi, unalia au ni pafyumu?” Nikamwambia ni pafyumu.

Na nakala ya barua ya huyo Mwalimu wako nimeiona. Eti neno limesahaulika, siku saba za juma! Dada, mimi nilikuwa mdogo lakini kimya kile nakijua. Alikuwa ni Mama. Walikuwa wanamuuliza barabarani, anawaangalia, hajibu, ndipo wanakimbia. Watoto walichukua na kimya chake wakakiweka kwenye mchezo.

Huku kwetu nao upo, usishangae. Wanaimba “Kinyozi, kinyozi, nywele ngapi?” wakipita mlangoni. Kwa kichwa hiki changu hesabu inaisha kabla ya moja. Mimi nacheka nao, maana mimi nina kipara lakini sijaitwa mwizi.

Sasa sikiliza la mdogo wako. Unataka kumwadhibu, sawa, hata mimi nikimpata kwenye kiti nitamnyoa kwa wembe butu. Lakini ubeti huo hauutungi wewe. Unauchukua mdomoni mwa Mama. Alikuwa na neno moja tu la kumwokoa: “Mtoto wenu anakojoa kitandani, mwulizeni yeye.” Maneno matano sita hivi. Angeyasema Jumatano ile, tungekula vizuri miaka yote. Hakuyasema mlangoni, hakuyasema akiponda kokoto, hakuyasema akikata roho. Wewe ni nani uyaseme leo?

Najua utanitukana. Tukana kwa barua, wino wako mzuri.

Mdogo wako, Kinyozi


6 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Ulitaka ubeti wa pili. Nimeupata. Ni kwa bibi mmoja aliyekuwa dobi wa mikono zamani hizo, kabla ya mashine. Nimeuandika vilevile, kama ulivyoagiza, sikurekebisha kitu:

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita…
La saba limelowa, lanuka mkojo,
Chini ya kitanda binti kalificha.
Dobi hana mdomo, mkojo una harufu,
Aliyelilowesha ndiye anayeimba!

Vijana wangu wa dobini wameshaujaribu na unakaa vizuri kwenye mapigo. Wameupenda sana, hasa mstari wa mkojo. Utauchapa?

Mama Mashine


14 Aprili

Mdogo wangu,

Siku thelathini na tisa tangu nimpelekee Mwalimu ubeti, hajajibu. Barua ya kwanza alijibu kwa siku kumi na tatu.

Sikukutukana kwa sababu sikuwa na nafasi. Sasa ninayo. Wewe ulionja makofi yale? Ulikuwa mkekani, umefunikwa, unanyonya kidole. Aliyesimama katikati ya duara ni mimi. Niliposhika beseni kwa mara ya kwanza kufulia watu, nilikuwa na miaka kumi na sita, na nyumba ya kwanza niliyogonga mlango mtoto alianza kuniimba. Hata hanijui! Leo dobini kwangu nguo zinahesabiwa mara tatu, mteja akiwa anatazama, na asiyetaka abebe nguo zake arudi nazo. Wananiona nina kiburi. Waache wanione.

Mama alikuwa na ukimya wake. Mimi sikuurithi. Nilirithi mgongo.

Nahisi ameshaupeleka ubeti kwa mchapaji bila kutambua. Wasomi wanapenda vitu vya kale, hata vikinuka.

Dada yako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuita hivyo kwa sababu nilikuwa na kumi na moja nawe ulikuwa na tisa, na kitambaa kilichokuwa kichwani kwako siku ile kilikuwa changu.

Nje ya nyumba yetu watu wawili tu walilijua lile shuka: mama yako, na binti yake aliyefua naye. Nilipousoma ubeti wako nilikwenda kukaa uani. Nimeketi uani wiki nzima, majirani wakadhani naumwa.

Kwanza, kama mkusanyaji, lazima nikusahihishe. Halikuwa chini ya kitanda. Nililitumbukiza kwenye shimo la choo, nikalisukuma kwa ufagio. Mama yangu alikuwa ameapa kwamba akiliona tena limelowa atanitoa nje nimefungwa nalo shingoni, watu wanione. Ijumaa asubuhi lilikuwa limelowa. Yeye akasema saba kwa mazoea, kama anavyosema amina.

Jumatano waliposema mama yako kaiba, nilipumua. Sitakudanganya. Alhamisi mama yangu alikuwa akiniangalia sana, anafikiri. Ndipo nikatoka nje nikaimba kwa sauti, chini ya dirisha lake, ili asikie ni nani mwizi. Nilikuweka wewe katikati kwa sababu ulikuwepo. Sikupanga maneno. Yalikuja yenyewe, mepesi, na ndiyo kitu pekee nilichokitunga maisha yangu yote ambacho watu wamekipenda.

Wiki ya tatu nilikutana na mama yako bombani. Tulikuwa tumetoka kumwimba, mimi nikiwa wa mbele. Nilidhani atanipiga. Aliinama, akaninong'oneza: “Ukishakula jioni usinywe maji mpaka asubuhi. Na uende chooni mara mbili, hata kama huna haja. Itaacha.” Akajitwika ndoo akaondoka.

Iliacha.

Nimefundisha miaka thelathini na minane. Kila kituo nilichohamishiwa niliukuta mchezo umeshafika kabla yangu, umebadilika kidogo. Nilianza kuziandika namna zake kwenye daftari. Nilijiambia kwamba nikizipata nyingi za kutosha, ile ya kwanza itapotea katikati yake, na kweli sasa zilikuwa kumi na nne na nilikuwa nimeanza kuziamini. Ndipo ukaja ubeti wako.

Kitabu kiko kwa mchapaji. Ukurasa wa thelathini na nane umeachwa wazi, ananisubiri mpaka tarehe tatu Mei. Naweza kuuondoa mchezo kabisa. Au naweza kuuchapa pamoja na ubeti wako, choo mahali pa kitanda, na jina langu chini. Chagua wewe. Utakalosema nitafanya.

Na naomba radhi. Najua neno hilo ni dogo.

Mwalimu


25 Aprili

Dada,

Nimeisoma nakala uliyonitumia. Nimefunga kibanda, nimeandika mlangoni “Kinyozi ameenda kunyolewa.”

Alimfundisha na dawa! Mtoto aliyetoka kumwimba! Mimi ningemwambia anywe ndoo nzima.

Sina la kuongeza juu ya yale ya mwanzo. Ila sasa naona haukuwa ukimya wa woga, kama nilivyokuwa nikifikiri nilipokuwa kijana, nikamwonea aibu. Ulikuwa kazi. Kama mimi ninavyoona makovu kwenye vichwa vya watu, chawa, vipara vilivyofichwa kwa kofia, na sisemi.

Amua. Utakaloamua nitakuwa nyuma yako, hata ukiamua mkojo.

Mdogo wako


28 Aprili

Mwalimu,

Leo sina shikamoo.

Umeniambia nichague. Miaka hamsini na moja imepita, na bado unanitafutia nafasi katikati ya duara, wewe ukiwa pembeni umeshikana mikono na watu. Nikisema ondoa, nimemzika mama yangu mara ya pili na mchezo utaendelea barabarani bila karatasi. Nikisema chapa, basi ni binti wa dobi aliyefungua mdomo, wewe umetii tu. Hesabu yako nzuri. Ulifundisha somo gani?

Kuhusu lile la bombani, ungebaki nalo. Nilidhani ninazijua hasira zangu zote, nimezifua na kuzikunja, kumbe kulikuwa na furushi jingine. Jioni ile alirudi na ndoo, mgongo umelowa, akaniuliza mbona nimenuna. Sikumjibu. Nilikuwa namkasirikia yeye kwa kutokujibu. Alikuwa ametoka kukuponya wewe.

Nachagua, lakini si kati ya hayo mawili. Ubeti wangu uchome. Mchezo uuchape wote, na kimya chake, usitie “sijui.” Zile namna kumi na nne zifuate. Na juu ya ukurasa, kwa herufi za ukubwa uleule, uandike maneno haya wala usiyarekebishe:

“Mchezo huu ulitungwa na mwandishi wa kitabu hiki alipokuwa na miaka kumi na moja. Dobi aliyeimbwa hakuiba. Shuka la saba halikutoka nyumbani kwa mwandishi.”

Nukta. Usiongeze sababu hata moja. Usitaje mkojo, usitaje choo, usitaje mama yako wala kiapo chake. Na zile shule thelathini ulizoahidi gazetini, utazizunguka wewe mwenyewe kama ulivyosema, na huo ukurasa utausoma kwa sauti.

Unawajua watoto kuliko mimi. Ukiwaambia kitu hakikuibwa wala hakikutoka nyumbani, watafanyaje? Watauliza. Na hapo kwenye kimya utakuwepo wewe, mbele ya darasa, umeshika kitabu. Mimi sitakujazia. Mimi ni dobi, na niliyemrithi sasa ninamjua. Utajaza wewe kwa unachotaka. Ukitaka danganya. Ulianza vizuri.

Kuhusu radhi, mwenye nayo hayupo.

Binti wa dobi


19 Julai

Mdogo wangu,

Kitabu kimetoka, na maneno yako yapo juu ya ukurasa, nukta kwa nukta. Nakutumia nakala kwa mkono wa mtu wa stendi.

Nimekwenda shule nne. Ya kwanza, binti mdogo wa dawati la mbele aliinua mkono kabla sijafunga mdomo. “Basi lilikwenda wapi?” Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, nakuapia, nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikasema lilipeperushwa na upepo. Ya pili nikasema mbuzi alilila. Wakauliza mbuzi wa nani. Ya tatu nikasema sikumbuki, darasa zima likaangua kicheko, mmoja akasema, “Mwandishi hakijui kitabu chake!” Ya nne aliuliza mwalimu wao, kijana mwenye adabu, akiwa amekunja mikono.

Mimi ni mwanamke mzima, nimesimama mbele ya wakaguzi na mbele ya mawaziri. Sijawahi kushindwa kutoa sauti. Juzi sikuweza. Nilisimama, wao wananiangalia, na nikatambua ni urefu gani ule, pigo moja.

Na wameshaubadilisha. Ilichukua siku sita tu. Nilipita shule ya kwanza kuchukua miwani niliyoisahau, nikawakuta uwanjani. Aliyekuwa katikati hakuwa na kitambaa kichwani. Alikuwa na miwani ya karatasi, na kitabu kwapani. Wanaimba “Mwalimu, mwalimu, la saba liko wapi?” Yeye anajibu “Upepo!” wanampiga. “Mbuzi!” wanampiga. Waliponiona walitawanyika wakicheka. Mmoja aliniimba mpaka getini.

Zimebaki ishirini na sita. Nina miaka sitini na miwili, na presha. Nakuomba uniruhusu niwatume vijana wa mchapaji wakasome badala yangu. Nafikiri mama yako angeniruhusu.

Mwalimu


25 Julai

Mwalimu,

Kitabu kimefika. Ukurasa wa thelathini na nane nimewasomea wafanyakazi wote kumi na mmoja wakati wa chai, nimesimama juu ya kreti ya sabuni. Nilipofika “hakuiba” ilibidi mpiga pasi anishike mkono nishuke. Kisha mmoja akauliza shuka lilikwenda wapi. Nikawaambia warudi kazini.

Hiyo ya miwani ya karatasi ni namna ya kumi na tano. Iandike kwa ajili ya chapa ya pili, na mapigo yake, na mahali ulipoisikia. Mkusanyaji haruhusiwi kurekebisha.

Mama yangu angekuruhusu, ni kweli. Angekuambia ukapumzike, na dawa ya presha angekutafutia. Nenda kamwombe yeye. Kaburi lake liko nyuma ya machimbo ya kokoto, mstari wa tatu. Ukirudi bila jibu, vaa viatu vya kutembelea.

Nimeona ratiba yako kwenye gazeti. Shule ya tano ni ya Jumatatu, ile iliyojengwa mtaani kwetu, mkabala na lililokuwa geti lenu. Watoto mia mbili na kumi. Nimemwomba mwalimu mkuu kiti, akanipa, mstari wa nyuma karibu na dirisha. Mdogo wangu kinyozi anasafiri kuja, naye amepewa.

Hatutauliza kitu.

Binti wa dobi